Gasketi ya Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi limeletwa gari likivutwa kwa kamba. Nikafungua kifuniko cha oili – rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imeungua, hakuna mjadala. Nikageuka nimwambie mwenye gari.

Mwalimu wangu wa darasa la nne!

Amezeeka. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, lakini sauti ni ileile ya kukukata katikati ya neno. Hakunijua. Aliniita "kijana". Nina miaka arobaini na tatu!

Huyu ndiye aliyenisimamisha mbele ya darasa akanibatiza Kichwa Maji, kwa sababu nilishindwa kusoma neno moja. Moja tu. Jina likanifuata hadi nyumbani, mpaka mama yangu mzazi akaniita hivyo. Siku ya harusi yangu mashemeji walilifanya wimbo.

Akaniambia mkewe anaumwa figo. Kila Jumatatu na Alhamisi lazima afikishwe hospitali, asafishwe damu kwa mashine. Leo wamekodi gari la jirani. Nikamwambia Jumatano jioni lake litakuwa tayari.

Na lingekuwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nikalaza rula ya chuma juu ya hedi, nikamulika tochi kwa nyuma – hakupiti hata uzi wa mwanga. Imenyooka. Gasketi mpya nimeshainunua. Kazi ya nusu siku.

Nikampigia simu. Mwalimu, hedi imepinda, lazima iende kwa fundi mashine, na huko foleni ni ndefu. Akasema basi, fanya uwezavyo, kijana.

Leo nimekula vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja kwa miguu, tai shingoni. Jirani amesafiri na gari lake. Mkewe yuko nyumbani, ameshavaa, anasubiri. Nikamkalisha juu ya tairi, juani, saa mbili nzima, nikihudumia wengine mbele yake.

Kisha nikamfundisha!

"Mwalimu, kazi ya gasketi ni nini? Hujui! Haya, injini yako ina silinda ngapi?" Akasema sita. Ziko nne. "Sita! Simama useme tena, wenzako wasikie." Gereji nzima ikaangua kicheko. Na alisimama kweli. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa.

Nikamwambia injini imechoka, hata nikiweka gasketi mpya itaungua tena. Bora tuweke injini kubwa zaidi, yenye tabo ya kuisukumia hewa, gari liwe na nguvu mpya. Uongo mtupu, nilikuwa nautunga papo hapo. Injini yake ni nzima. Alisikiliza mdomo wazi, kama mtoto.

Mkewe hakwenda hospitali leo.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi Umeme, jirani yangu wa benchi, ameishika ile hedi na kuipima. Mbona imenyooka? Nikamwambia ashughulike na nyaya zake. Akasema anakaa mtaa mmoja na Mwalimu, na yule mama miguu imevimba hadi viatu haviingii. "Una roho gani wewe?"

Nikawasha kompresa, nisimsikie.

Jumatatu, 11 Machi

Amekubali tabo! Akataka nimwandikie orodha ya vitu vyote vya kubadilisha. Nikaandika palepale, yeye amesimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu.

Leo mkewe ameenda hospitali kwa pikipiki, yeye akiwa nyuma amemkumbatia asianguke. Amenisimulia mwenyewe, wala hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Jumatano, 13 Machi

Nimesafisha uso wa injini. Bolti zote kumi nimezipanga kwenye gazeti. Kesho nafunga hedi kwa gasketi mpya. Nitasema tabo imekosekana. Imetosha.

Alhamisi, 14 Machi

Hadi saa nne gasketi mpya ilikuwa imekaa, bolti zote zimeingia, nimeshaanza kukaza, kutoka katikati kwenda nje. Pikipiki ikasimama mlangoni. Mke wa Mwalimu, anapelekwa hospitali, amepita kuuliza gari. Ameshuka kwa shida, uso umemjaa. Akanitazama mpaka nikaona haya. Halafu akacheka, kwa furaha ya kweli:

"Si wewe yule uliyekuwa ukituletea madaftari nyumbani! Kichwa Maji! Mwalimu alikuwa akija na vituko vyako kila siku. Tulikuwa tunacheka mezani mpaka chakula kinatupalia!"

Alisema kwa mapenzi. Alinishika shavu.

Gereji yote ikasikia. Hadi jioni ilikuwa Kichwa Maji nipe spana, Kichwa Maji unaitwa nje.

Alipouliza gari litatoka lini nikamwambia bado sana, mama. Akaondoka. Nikafungua bolti zote kumi.

Jumamosi, 16 Machi

Mwalimu amekuja. Mkewe amemwambia.

"Kumbe ni wewe."

Basi. Nikangoja neno la pili. Akatoa ile orodha yangu mfukoni – ameisahihisha kwa kalamu nyekundu! Nilikuwa nimeandika "sirinda" na "lejeta". Akasoma kwa sauti, watu wote wapo. "Mpaka leo r na l zinakushinda."

Kwenye daftari hili sikosei. Miaka yote hii sikosei. Ni mkono tu, unaniharibikia akisimama karibu.

Akasema hataki tabo wala chochote. "Rudisha gari langu kama lilivyokuwa. Nitatafuta mtu mwenye akili."

Kama lilivyokuwa. Sawa, Mwalimu.

Gasketi ya zamani ilikuwa bado ndani ya pipa la takataka. Nimeifuta kwa tambara, nikaipaka gundi ya silikoni, nikafunga. Jioni injini ikawaka, inanguruma vizuri tu. Itafika kilomita chache.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nikiwa gereji, daftari juu ya boneti ya gari la mtu.

Saa mbili wamelichukua. Yeye kwenye usukani, mkewe kiti cha nyuma, amelalia mto. Mama akanipungia mkono. Nyuma yao moshi mweupe, mwembamba, maji yameshaanza kupenya. Nimeuona. Nikanyamaza.

Sasa hivi mama amepiga simu. Gari limezimika karibu na daraja, linachemka. Mwalimu amefungua kifuniko cha rejeta, maji yamemrukia usoni, haoni. "Wewe ndiye unayelijua gari hili, mwanangu. Niambie nifanye nini." Nikasema nakuja.

Fundi Umeme ameshawasha pikipiki, ananiita, ananitukana. Dakika kumi tu tunafika. Lakini yeyote atakayeifungua ile hedi ataona gasketi niliyorudisha. Lazima nifungue mimi. Nifungue kwanza, halafu ndiyo tuwapeleke hospitali – au tuwapeleke kwanza? Gari libaki pale, peke yake, kila fundi anayepita aliinamie?

Spana ya kumi na saba siioni. Nani ameichukua spana ya kumi na saba?

Simu inaita tena. Ni mama. Nimeilaza kifudifudi –