Ukili wa Bi Mize

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba, mwanangu. Hapa Michenzani sote wazima. Babu yako anagombana na ngazi za ghorofa letu tu, kila siku adai zimeongezwa.

Umeniuliza kwa nini daktari wa baridi yabisi huko Dodoma, baada ya kukutazama vidole, alikuuliza kama unalia. Ukaudhika: "Bibi, mimi naumwa viungo, si moyo."

Mama yangu aliugua hivyo hivyo kwetu Makunduchi, mimi nikiwa kigori. Vidole vilivimba, akashindwa kusuka ukili wa mikeka, basi akaacha kwenda barazani walikosukia wenzake. Alishinda kitandani kageukia ukuta. Kila aliyepiga hodi alijibiwa "Sijambo, alhamdulillahi," akaenda zake. Sijui kilichotangulia, maumivu au huzuni. Najua vilikuwa vikilishana.

Siku moja jirani yetu, Bi Mize, hakwenda zake. Aliingia chumbani, akakaa chini, akaanza kusuka, vibaya makusudi. Mama alivumilia weee, mwisho akageuka.

"We Mize, huo ukili au matumbo ya kuku?"

Walicheka mpaka mama akalia, na katika kulia akasema yote. Vidole havikupona. Lakini jioni ile alikula, akaomba asogezewe mto karibu na mlango.

Dawa zako meza, na daktari mjibu kweli. Nami nikikupigia Ijumaa nikakuuliza hujambo, usikimbilie sijambo. Nshaweka vocha ya kutosha kukungoja.

Bibi yako