Zawadi ya Mwanamke Anayelia

Jumapili, Auderghem

Na eti hiyo ndiyo zawadi ya kuadhimisha ndoa yetu! Baba Neema kaniletea sarafu ya kale ya Warumi, shaba yenye kutu ya kijani, aliyoipata sokoni asubuhi.

"Ilitengenezwa kusherehekea ushindi wa vita," alinieleza tukinywa chai. "Tazama askari alivyosimama."

Nikatazama. Askari kasimama na mkuki wake, sawa. Pembeni yake, chini, ameketi mwanamke kainamisha kichwa.

"Na huyu?"

"Huyo ni nchi iliyoshindwa. Analia."

Jamani! Mtu anamletea mkewe kitu kama hicho? Niliacha darasa nililofundisha Morogoro nimfuate kwenye kazi yake ya ubalozi huku ughaibuni, nashinda humu ndani natazama mvua, halafu...

Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza neno.

Akavaa miwani, akaitazama tena sarafu yake. Kisha akauliza polepole, "Mama Neema, tangu tuje huku umewahi kulia?"

"Karibu kila ukitoka kwenda kazini," nikamjibu.

Saa ya mpira anaoutazama kila Jumapili ilipofika, hakuwasha televisheni.