Duara Lililoachwa Mezani

Sfax, 2 Machi

Mwanangu Skander,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Mimi sijambo, ila jicho hili moja lililobaki linazidi kufifia. Jirani yangu Radhia ndiye anayeniandikia kwa simu yake. Makosa yote ya herufi ni yake. Nafanyiwa upasuaji tarehe 20. Daktari kaniambia wazi, "Mama, huenda mwanga ukabaki, huenda usibaki." Nataka nikuone uso kabla ya siku hiyo. Njoo japo kwa siku moja.

Mama yako

Tunis, 8 Machi

Mama mpendwa,

Nabusu kichwa chako. Mwili mzima, nimechoka tu. Nitakuja, ila kazi imenikaba koo. Tiketi za mabasi tunazihifadhi kwenye seva sita, yaani kompyuta za kutunzia kumbukumbu, nami nimezipanga seva hizo kwenye duara. Namba ya tiketi inapigiwa hesabu, inapata mahali pake kwenye duara, kisha inakwenda kwa seva ya kwanza iliyo mbele yake. Seva moja ikifa, tiketi zake tu ndizo zinazohamia kwa inayofuata; nyingine hazisogei. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini zangu zinaendelea kutumwa kwa seva iliyokufa! Wiki ya tatu sasa sioni kosa. Na lugha ya kompyuta tunayoandikia programu haibadilishi kitu kilichokwisha kuundwa: ukitoa seva, unapewa duara jipya, la zamani linabaki vilevile. Bosi kasema hakuna likizo mpaka kosa lipatikane.

Mwanao

Sfax, 12 Machi

Mwanangu,

Hatujambo, pole na uchovu. Radhia kanisomea barua yako mara tatu na kunung'unika mara nne. Miaka thelathini na moja nimesahihisha madaftari ya watoto wanaopata jibu sahihi, kisha wanaendelea na lile la mwanzo. Hilo duara jipya umemkabidhi nani? Naona umeliacha mezani, tiketi bado zinauliza la zamani. Tazama hapo, kisha panda treni. Radhia anasema, "Mwambie mchuzi wa mlukhia anaoupenda sipiki mara mbili."

Mama yako

Tunis, 15 Machi

Mama,

Nabusu kichwa na mikono yote miwili. Ni hapo hapo, mstari mmoja! Nilikuwa nalipata duara jipya na kulitupa. Nimeona aibu, halafu nimecheka peke yangu. Likizo nimepewa, ila moyo haujatulia. Nataka kwanza nizime seva moja moja nione kama tiketi zinahama sawasawa. Nitafika tarehe 22, utakuwa umeshapumzika. Usiogope.

Mwanao

Sfax, 21 Machi

Skander mwanangu,

Salamu. Nimerudi nyumbani, maumivu si mengi. Bandeji wametoa asubuhi. Radhia kasimama mbele yangu akauliza, "Haya, nimevaa rangi gani?" Nikasema nyekundu, maana havai nyingine. Akaanza kulia, nikajua nimekosea.

Nimekukasirikia, sikufichi. Siku tano ulikuwa nazo. Lakini njoo tu, mlango hatufungi. Ukiingia usisimame kimya kama ulivyozoea. Sema neno, nijue ni wewe.

Mama yako