Dume la Miaka Mitano na Nusu

Blaine, Minnesota
Ijumaa, 22 Novemba 1996

Ndugu yangu Naftali,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umekumbatia kikombe cha chai, maana baridi ya huku imefika mahali pa kutukana watu. U hali gani? Mama je, goti lake limetulia? Na shemeji Jedidah, bado anakushinda kwa maneno? Mwambie asikuonee huruma. Mimi ni mzima, nimenenepa, nimependeza. Ukinikuta mnadani Chwele, wewe na ng'ombe wako, utadhani ni mnunuzi wa kutoka Nairobi, unipandishie bei.

Usikung'ute bahasha, sijaweka picha. Nina habari, na ndani ya habari kuna jambo limenikaa kooni wiki mbili sasa. Nitalifikia. Soma polepole. Sote wawili tuliiaga shule kidato cha pili, lakini mimi niliaga kwa heshima, wewe ulitokea dirishani.

Bado niko kwenye yale makao ya wagonjwa ambako Rahab wa shangazi alinitafutia kazi. Nalisha, naosha, nageuza. Mmoja wao ni Mama Margaret, aliyepooza upande mmoja. Mumewe, Mzee Rodney, huja kila alasiri kukaa naye, na ndiye aliyenitia katika mambo haya. Ana msitu wake, mwendo wa saa mbili kwa gari kuelekea kaskazini.

Huku kuna kulungu wakubwa, mkia mweupe kwa chini. Kila Novemba watu huvaa nguo za rangi ya chungwa wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe, huchukua vibali na kuingia kuwinda. Wengi hupiga dume lolote lenye pembe. Kwa Mzee Rodney hapana. Kwake dume halipigwi kabla ya kutimiza miaka mitano. Anasema liachwe liishi, lizae, lizeeke kidogo, ndipo liitwe dume. Yeye na majirani wamelishika neno hilo miaka thelathini, na ushahidi uko ukutani: bandani mwake amepigilia taya la kila dume lililoanguka humo, na chini ya kila taya umri umeandikwa kwa wino. Anayetaka kujifunza kusoma meno ya kulungu hupelekwa mbele ya ukuta ule, kama wewe ulivyonisukumia vinywani mwa ng'ombe.

Alipotaja tu habari ya umri, unanijua, nilijipiga kifua. Nikamwambia kwetu tunasoma umri wa mnyama tangu tukiwa na makamasi, na kwamba ng'ombe jike huhesabiwa mikunjo ya pembe, kila ndama mkunjo mmoja. Nikaichukua pembe iliyokuwa mezani pake nikaanza kuhesabu kwa sauti. Mzee alicheka mpaka akashika meza. Kumbe, Naftali, pembe za hawa huanguka zenyewe kila mwaka kwenye baridi, zikaota nyingine! Ile niliyoishika aliiokota chini, na kulungu mwenyewe alikuwa hai, anatembea kichwa wazi. Akaniuliza kama ng'ombe wa kwetu nao huvua kofia wakiingia kanisani. Nilinuna siku mbili.

Lakini nilirudi, kwa sababu sipendi kushindwa na mtu anayekunywa kahawa isiyo na sukari. Akanifundisha. Pembe husema mnyama alikula nini na alizaliwa na nani. Miaka husemwa na mwili. Dume changa lina miguu mirefu, na tumbo limeingia ndani kama la mbwa wa kukimbiza sungura. Likifika mitatu shingo hujaa, ila kiuno bado chembamba. Likivuka mitano, shingo na kifua huwa gunia moja, tumbo huning'inia, mgongo hulegea, na miguu huonekana mifupi kama ya kigoda. Mwalimu mkuu wetu akitoka kula harusini, ndiye huyo.

Misimu miwili nilikaa kando yake na darubini. Nilikosea, nikachekwa, nikarudia. Mwaka huu akanipa heshima ambayo hajampa hata mpwa wake: akasema nihukumu mimi, apige yeye. Mbali anaona vizuri kuliko mimi, ila karibu haoni, hata gazeti namsomea mimi. Akasema pia kwamba ana miaka sabini na minane, kibali chake ni cha dume moja tu, na hii ndiyo Novemba yake ya mwisho. Dume la mwisho la maisha yake, Naftali, na aliliweka mdomoni mwangu.

Jumamosi ya kufungua msimu tuliketi kwenye kibanda cha mbao, theluji imefika vifundoni. Saa moja na robo asubuhi likatoka dume. Pembe zile! Ncha kumi, zimepita masikio huku na huku, shina nene kama kiwiko cha mkono wangu. Mzee akaninong'oneza, akitaka kujua ni la miaka mingapi. Sikulitazama tumbo. Sikuitazama miguu. Nilibaki kulekule juu, kama mgeni wa mnadani anayepofushwa na pembe za fahali huku wewe umeshika kamba unatabasamu. Nikasema mitano, na zaidi. Akapiga. Halikufika mbali.

Nilijua kabla sijaliinamia. Miguu mirefu. Tumbo la mbwa.

Mchana bandani tulitoa taya. Kwa dume lililokomaa, meno yamesagika hata ule mstari wa kahawia ulio katikati ya jino umekuwa mpana kuliko weupe unaouzunguka. Hili, weupe ulijaa kote na kahawia ilikuwa uzi tu. Miaka miwili na nusu. Kijana, tena kijana aliyekula vizuri.

Sasa ndilo hilo jambo. Mzee aliniuliza meno yanasema nini. Nikasema mitano na nusu. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mkono wangu, nikalipigilia taya mwishoni mwa safu ya miaka thelathini. Ningeweza kukuambia nilimhurumia nisimharibie siku yake. Rahab ningemwambia hivyo, angenisifu na kuniombea. Wewe utanicheka, kwa hiyo nakupa kweli: nilijihurumia mimi. Sikutaka kukisikia tena kile kicheko cha kushika meza.

Tangu siku hiyo humwambia mkewe kila alasiri kwamba Mkenya wake ana jicho. Jumapili iliyopita tulikwenda kufunga kibanda. Duncan, jirani yake, akasimama bandani mbele ya taya langu, akalitazama, akakuna kichwa. Akasema basi huenda ni yeye aliyekuwa akisoma meno vibaya miaka yote. Mtu mzima, mwindaji tangu utotoni, anaanza kutilia shaka macho yake kwa sababu ya wino wangu! Chakula cha mchana kilinishinda, nami unajua hakuna chakula kinachonishinda.

Tena kuna kitu nimekikumbuka leo hii, kalamu ikiwa mkononi. Kabla sijaandika ile namba, mzee alilichukua taya akapitisha kidole gumba juu ya meno, kwenda na kurudi. Meno ya kijana yana makali, yanakwaruza. Ya mzee yamelala. Kidole hakihitaji miwani, Naftali. Akanirudishia, akasema niandike ninachokiona.

Kwa hiyo pengine anajua. Pengine kila akinisifu mbele ya Mama Margaret ananifungulia mlango, nami nasimama pale nikichekacheka.

Anajua au hajui, haidhuru. Kesho sina zamu, naye atanipitia asubuhi twende bandani kwake. Sitangoja tufike. Nitamwambia ndani ya gari, barabara kuu, mahali ambapo siwezi kushuka wala yeye hawezi kushika meza. Tukifika nitaikata ile namba kwa mkono uleule, niandike miwili na nusu, na kando yake jina langu, ili anayejifunza pale ajue ni nani aliyetazama pembe. Akininyima msitu, ni haki yake. Akicheka, nitasimama nichekwe mpaka achoke. Barua hii naitia sandukuni sasa hivi, kabla moyo haujanishauri vingine, maana nikishakuandikia kisha nisitende, najua utanisumbua mpaka tuzikwe.

Mama mpe pole ya goti, na umwambie nakula, tena mboga. Jedidah mwambie nimekubali kwamba nina mdomo mkubwa, kama alivyosema siku zote. Majirani wasalimie wote, isipokuwa yule anayeniita Mmarekani. Ukinijibu, usianze na kicheko. Kiweke katikati, nikifikie nikiwa nimeketi.

Ni mimi mdogo wako, aliye mbali kwa miguu tu,

Jotham