Wapiga Picha wa Ufa, Mashimoni

Nafula dadangu, sasa?

Usidanganywe na huyu twiga wa upande wa mbele wa kadi. Niko Kibera, mtaa wa Mashimoni, kwa anti, na mnyama niliyemwona ni panya tu.

Jana walikuja watu wa kupima miamba, wakachimbia vyombo vyao kando ya choo chetu. Eti wenzao watalipua baruti Bonde la Ufa, mtikisiko upite chini kwa chini hadi huku, ndio wapate kuchora picha ya ufa ulio ndani ya ardhi. Wakatuomba tusitembee. Mashimoni! Na mashine ya unga inanguruma hapo mlangoni!

Lakini mwenye nyumba wa anti, kichwa maji yule, alisikia "picha" na "ufa" tu. Ukuta ambao anti ameulilia tangu mvua ya Aprili, alikuja mbio kuusiriba kwa mikono yake, tai imejaa matope. "Wakiuliza, hapa hakuna ufa," akatunong'onezea.

Wasalimie watoto, wajifunike vizuri. Najua kwako upepo bado unapita ukutani, kwa hivyo mwambie mwenye nyumba wako wapiga picha wanakuja Bungoma.

Kakako, Simiyu