Kwa Mjomba Anayechana Majalada

Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokusumbua mwezi uliopita sasa umekubali kukaa kwenye kiti. Mkazamjomba hajambo? Mtoto ameshaanza kutambaa? Sisi huku tu wazima. Mama ana mafua, lakini hayajamzuia kuongea. Mimi mwilini sijambo. Moyoni nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe, kwa hiyo naomba ukae vizuri kabla hujaendelea kusoma.

Kwanza nikushukuru kwa zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa, maana nimefundishwa kushukuru. Toleo jipya la kitabu cha mchezo wetu, lililochapishwa na kampuni yenu, lilifika salama, na jalada lake linang'aa mpaka Mama akajitazamia kilemba. Siku iliyofuata nililipeleka shuleni kwenye klabu yetu. Ni mchezo uleule ulionifundisha kwenye meza ya jikoni kabla hujahama: kila mmoja anaigiza mhusika wake, mimi nasimulia safari, na dadu zinaamua nani apone na nani atumbukie shimoni.

Mjomba, kitabu hicho hakiazimiki. Ndani ya jalada kuna namba ya kukwangua kama ya vocha. Ukishaikwangua, majitu, ramani na nusu ya kanuni vinaingia kwenye simu ya mtu mmoja, basi. Mimi niliikwangua kwa furaha, kwenye simu ya Mama, kwa kuwa sina yangu. Sasa Mama anamiliki majitu yote na klabu haina hata moja. Shuleni simu haziruhusiwi. Sijui ni nani aliyekaa ofisini kwenu akafikiria kitabu ambacho watu hawawezi kukisoma pamoja, lakini ningependa kumwona uso.

Tena kwa juu mmeandika "Toleo la Mwisho". Wewe mwenyewe ulimwambia Mama kwamba lingine limeshaanza kuandikwa. Nimelilinganisha na la zamani, ukurasa kwa ukurasa. Aliyekuwa mlinzi sasa anaitwa mlinda lango, na anafanya kazi ileile ya kusimama mlangoni. Mikuki imehamishiwa kitabu cha pili, na kitabu cha pili kinauzwa peke yake. Ulisema mmerekebisha makosa. Sikuona makosa mliyorekebisha. Niliona vitu mlivyovificha ili tuvinunue tena.

Klabu yetu inaishi kwa kitabu kimoja cha toleo la zamani, kile ulichoniachia. Kilipasuka mgongo, kikashonwa kwa uzi wa viatu na baba yake Kijiko, ambaye ni fundi. Kijiko ni mwenzetu mwembamba mwenye mdomo mkubwa. Ukurasa wa sumu ulipotea, na tangu siku hiyo Kijiko anakunywa sumu kama maji.

"Nionyesheni palipoandikwa kwamba nakufa!" anatuambia. Hatuna pa kumwonyesha.

Mwalimu mkuu naye ametuwekea sharti. Muhula ujao klabu isiyo na vitabu vya kuwatosha wanachama wake itaachia chumba, na chumba chetu kitapewa kwaya. Sina ugomvi na kwaya. Lakini wao wanaweza kuimba hata chini ya ngazi, na sisi hatuwezi kurusha dadu chini ya ngazi.

Kwa hiyo tulijipanga. Duka la vitabu karibu na stendi lilikuwa na nakala za zamani kwenye rafu ya chini, zimejaa vumbi, hazitazamwi na mtu, na zilitutosha kabisa. Tukaosha magari ya walimu likizo nzima. Mwenye duka, tunayemwita Miwani, akakubali kutuwekea.

Ijumaa ulipopiga simu, Mama alikuwa anapiga pasi, akaweka sauti ya nje. Nilikusikia ukicheka. "Dada, la zamani tumelizika! Nimewaambia wenye maduka wote wasafishe rafu." Mama akakupongeza, hakuelewa. Mimi nami sikuelewa mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilikwenda dukani na Kijiko kuchukua vitabu vyetu. Tulimkuta Miwani kwenye kigoda nyuma ya kaunta, anachana majalada. Anakanyaga kitabu kwa mguu, anavuta jalada kwa mikono miwili, krrr, anaweka jalada kwenye bahasha na kitabu kilichobaki uchi anakitupa kwenye boksi. Alikuwa ameshafika cha mwisho.

Kijiko akamuuliza, "Mzee, vimekukosea nini?"

"Usinianze wewe. Kampuni inataka majalada yarudi, yawe ushahidi kwamba vitabu havikuuzwa, ndiyo wanipe mzigo mpya. Vilivyobaki ni vya mtu wa karatasi chakavu."

Nikamwambia atupatie vitabu hivyohivyo, hatuhitaji majalada, tutayashona wenyewe. Akavua miwani, akaifuta, hakunitazama.

"Binti, kimoja tu kikionekana mtaani, mimi napigwa chini. Sipati tena mzigo. Wamesema visiuzwe, visigawiwe. Kama una mtu huko juu, mwambie aniandikie."

Kijiko akanigeukia. "Si mjomba wako yuko huko?" Klabu nzima inajua, kwa sababu nimejisifia wewe tangu siku ya kwanza. Nilitazama sakafu. Nilikuwa sijawahi kuona aibu kwa ajili yako, Mjomba, na sikujua inauma hivyo.

Mama amenikataza kukugombeza kwa simu. Kuhusu barua hakusema kitu.

Naomba jambo moja. Mwandikie Miwani mistari mitatu yenye muhuri wa kampuni, useme boksi lile lipewe klabu ya shule. Vitabu vile havina tena jalada, hakuna wa kuvinunua, havitawapunguzia nyinyi chochote. Mtu wa karatasi anakuja mwisho wa mwezi. Usinitumie kitabu kingine kipya badala yake. Ukinitumia nitakushukuru vizuri kama nilivyofundishwa, kisha nitakirudisha.

Shule ikifunguliwa, wachezaji wangu watafika kwenye daraja jipya nililolibuni wiki hii. Juu ya daraja kuna jitu linalochana vitabu vya wasafiri. Limevaa tai, na linacheka kwa sauti kubwa. Kijiko ameshaanza kunoa upanga bila hata kujua ni jitu gani. Kanuni zinanitaka niandike kama jitu hilo linaweza kubadilika au ni la kuuawa tu. Nimeandika nguvu zake zote na udhaifu wake wote, ila hapo nimepaacha wazi. Nasubiri jibu lako.

Baba anakusalimu, na anauliza kama umepata daktari wa mgongo. Bibi anasema ule vizuri na usiwe unalala na soksi. Mama anakusalimu sana na hajui niliyoyaandika. Mbusu mtoto, mpe mkazamjomba shikamoo zangu. Mungu akulinde, aupoze mgongo wako, na aulainishe moyo wako kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda bado.