Maganda ya kahawa chini ya dirisha

Alhamisi, Kitendaguro. Mvua imekatika lakini migomba bado inadondosha maji. Koku amelala mgongoni kwangu, naogopa kumshusha asije akaamka. Naandika nimesimama, simu ukingoni mwa meza.

Nimechoka. Si uchovu wa mtoto, huo nimeuzoea. Nimechoka kugeuka nyuma.

Baba yake Koku tuliachana mimba ikiwa ya miezi mitano, kule Muleba, alikokuwa akinunua samaki visiwani na kuwauza mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Nikarudi kwa mama. Tangu mtoto azaliwe amekuwa akija. Hajawahi kuomba kumshika mtoto. Anakaa sebuleni anatazama njia, anauliza nimeenda wapi, nitarudi na nani. Nikiwa kazini saluni, anasimama ng'ambo ya barabara. Nikizuia namba yake, ananunua laini nyingine.

Ujumbe wake wa wiki iliyopita nimeusoma mpaka nimeukariri. "Leo umevaa kitenge cha bluu. Umezungukia Kahororo badala ya njia yako. Umechelewa."

Hakuna tusi hata moja.

Jumatatu niliupeleka polisi, dawati la jinsia. Askari wa kike, mpole, naye anaonekana hajalala. Akauliza kama amenipiga. Hapana. Ametishia kuniua? Hapana. Akaweka kalamu chini.

"Dada, kupiga kuna jina. Kutishia kuna jina. Hizi meseji nitajaribu kuziandika kama usumbufu wa mtandaoni. Lakini kumfuata mtu tu njiani, hilo peke yake sioni pa kuliweka. Niletee aliyemwona akija msipomtaka."

Aliyemwona ni mama. Na mama ndiye aliyekuwa akimkaribisha.

Kwetu mgeni haondoki hajapewa kahawa ya kutafuna. Mama huichemsha mwenyewe na majani yake ya harufu, akaianika, akaiweka kwenye kikapu kidogo. Kila alipokuja yule, kikapu kilitoka. Nilipomwambia natafuta shahidi, akashangaa.

"Mwana wange, nikasemeje? Kwamba mkwe alikuja nikampa kahawa?"

"Si mkwe, mama. Hajaleta hata kuku."

"Basi baba wa mtoto. Mtu akipiga hodi nimfukuze?"

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Nayaandika haya hapa kwa sababu usoni siwezi kumwambia.

Leo asubuhi alikwenda kufagia nyuma ya nyumba, akakawia. Nikamkuta amechutama chini ya dirisha la chumba ninacholala na Koku, pale ambapo mvua haifiki. Mkononi ana maganda ya kahawa. Mengine makavu, mengine bado laini, si ya siku moja. Akayanusa.

"Hii ni kahawa yangu."

Sisi huku nyuma hatukai. Kumbe yule alikuwa anaaga vizuri sebuleni, kahawa ya mama mkononi, kisha anazungukia migombani na kukaa chini ya dirisha langu akitusikiliza.

Mama aliyafunga maganda kwenye kona ya kitenge, akavaa viatu vya kanisani.

Kule polisi, mama alianza kusema kabla hajaketi. "Mimi ndiye nilimpa. Andika hivyo. Nilimkaribisha sebuleni, dirishani sikumkaribisha."

Askari alitabasamu kidogo, kisha akaandika ukurasa mzima. Akaniangalia. "Kuingia kwenye eneo la mtu na kujificha ili kumsumbua, hilo lina jina." Ataitwa. Nimeambiwa nisifute ujumbe wowote, hata unaonitia kichefuchefu.

Sijui kama ataitika wito. Anaweza kuvukia visiwani mwezi mzima halafu akarudi. Karatasi haimzuii mtu kukaa migombani, hilo nalijua.

Lakini tulipofika nyumbani, mama alichukua kile kikapu akakipandisha juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya sherehe. Akasema mgeni wa kweli atasubiri akishushe. Halafu akaenda kumenya ndizi kama siku zote, na mimi nikalia kidogo, bila kelele, kwa sababu ya mtoto.

Wiki tatu nimekuwa nikizungukia Kahororo ili nimkwepe. Kesho napita njia yangu.

Ni fupi zaidi, na Koku siku hizi ni mzito.